Uzi Kwenye Pasipoti

Asubuhi ya safari fundi alikuwa bado kwenye cherehani, akikunja pindo la suruali ya mteja. Mteja hana habari ya safari ya fundi. Habari yake ni suruali. Mlangoni alisimama mdogo wake wa kiume, fundi bomba, ambaye leo aliacha mabomba ya watu yavuje yatakavyo ili amsindikize dada yake uwanja wa ndege.

"Dada, ndege haisubiri pindo."

"Na mwenyewe aende kwenye usaili suruali inafagia barabara? Hebu tulia."

Akakata uzi kwa meno, akaikunja suruali, akaiacha kwa jirani. Ndipo akavaa viatu.

Haikuwa safari ya starehe. Binti yake wa pekee alikuwa akifua mashuka katika hoteli ya nchi ya mbali, na kesho yake angepasuliwa ili atolewe mtoto wake wa kwanza. Mume wa binti ni baharia na meli yake iko huko iliko. Hakuwa na mtu wa kumsubiri nje ya chumba cha upasuaji. Kwa hiyo alijinyima, akamkatia mama yake tiketi ya kwenda na kurudi, maana sheria ya kule inataka ya kwenda na kurudi.

"Kule hakuna viza," mdogo wake alikuwa amemwambia tangu siku ya kwanza, akisoma kwenye simu yake iliyopasuka kioo. "Mtalii wa siku chache anaingia hivihivi. Pasipoti iwe na miezi sita mbele, tiketi ya kurudi, mahali pa kufikia, na hela ya kujikimu. Basi! Unaingia kama unavyoingia jikoni kwako."

Hakuna aliyejiuliza ni jiko gani hilo ambalo mtu hukaguliwa mfuko mlangoni. Furaha ilikuwa kubwa, na mtu mwenye furaha haulizi sana.

Pasipoti nayo ilikuwa na kisa chake. Ilitoka ofisini mpya inanukia gundi, lakini kurasa za katikati zilikuwa tayari zinacheza. Fundi alirudi nayo dirishani siku ileile. Bwana wa dirisha aliifunua, akaifunika.

"Inasomeka?"

"Inasomeka, ila kurasa zinachomoka."

"Kama inasomeka, ina kosa gani? Au unataka na mkoba wake tukupe?"

Aliporudi mara ya pili aliambiwa aombe upya. Na vitabu vya pasipoti vimekwisha, apite baadaye. Baadaye ya ofisi zetu tunaijua wote, haina mwaka. Kurasa zikaendelea kulegea mpaka moja ikabaki mkononi mwake. Basi fundi akafanya kile ambacho mkono wake umekifanya tangu usichana wake kila alipoona kitu kimefumuka. Alitafuta uzi wa rangi ileile, akachukua sindano nyembamba kuliko zote, akapita kwenye matundu yaleyale ya kiwandani, taratibu, bila kugusa picha wala maandishi. Alipomaliza, ilimbidi yeye mwenyewe autafute mshono wake. Alifurahi kama mtoto. Maisha yake yote alikuwa ameshona nguo za watu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuishonea serikali.

Uwanjani, kaunta ilikuwa na foleni ndefu. Mdogo wake alizuiwa kwenye kamba, wasiosafiri hawapiti. Akabaki pale akinyoosha shingo na kumwonyesha dada yake dole gumba.

Binti wa kaunta alikuwa na adabu zake. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Unakwenda kufanya nini kule?"

Hapo mdogo wake alikuwa amemfundisha vizuri. "Utalii," alisema fundi.

"Utatembelea wapi na wapi?"

Fundi akasita. Uongo haukuwa saizi yake. "Nitamtembelea binti yangu. Anajifungua kesho."

Binti wa kaunta akatabasamu kidogo, akainama kuelekea kwake. "Mama, mimi naandika utalii. Wewe usiseme habari ya kulea mtoto, watakwambia umekwenda kufanya kazi."

Kumshika mjukuu wako, kazi! Lakini fundi alifungua mkoba. Akatoa tiketi ya kurudi, ikakubaliwa. Akatoa barua ya binti yake yenye anwani, ikakubaliwa. Akaonyesha hela ya kujikimu, ambayo kikundi cha akina mama cha mtaani kilimkopesha kwa masharti kwamba ni ya kuonyesha tu, irudi kama ilivyokwenda. Nayo ikakubaliwa. Sanduku likapanda kwenye mizani, na moyo wa fundi nao ukapanda ndege.

Binti wa kaunta akafungua pasipoti katikati. Kidole chake kikasimama. Akaigeuza, akaiinamisha kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye mshono.

"Mama, hii nani kashona?"

"Mimi," alisema fundi, na kwa bahati mbaya alisema kwa fahari. "Kurasa zilikuwa zinatoka. Huwezi kuona hata mwanzo wa uzi, eti?"

Binti wa kaunta aliacha kidole kwenye ukurasa ule. Alimwita msimamizi wake.

Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, msimamizi yule hakupaza sauti hata mara moja. Alikuja na koti lililompwaya mabegani, akaishika pasipoti kwa ncha za vidole na kusema kwa upole kwamba kitabu kimechezewa.

"Hakijachezewa, baba. Kimetengenezwa."

"Kwetu ni kitu kimoja."

"Kilitoka ofisini kimelegea! Nikakirudisha. Wakanipiga danadana. Waulize."

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Ukifika kule wakaikataa, kampuni ya ndege inatozwa faini, na ni sisi tunaokurudisha kwa gharama zetu. Kwa hiyo tunakagua hapahapa."

"Na kama hawataikataa?"

"Siwezi kubahatisha."

Mdogo wake alikuwa amekwisha kuruka kamba. Mlinzi alimshika mkono, lakini mdomo haushikiki. "Bosi, sheria inasema hakuna viza! Hakuna viza maana yake nini? Mngekuwa na viza mtu angekataliwa mapema, akiwa kwake, akajua pa kwenda kulia. Sasa mnamkataa sanduku likiwa kwenye mizani! Hiyo viza hamkuifuta, mmeihamishia kaunta tu!"

Msimamizi alimwangalia kama anayesikiliza mvua ya nyumba ya jirani. "Ndugu, rudi nyuma ya kamba."

Wakati huo, kaunta ya pili, mtalii kijana aliyebabuka pua kwa jua alikuwa anatafuta pasipoti yake ndani ya begi la mgongoni. Alipoipata, ilikuwa imevimba kwa maji na jalada limebanduka kabisa, analo mkononi peke yake. Akacheka. Mhudumu wake naye akacheka. Akafungua droo, akatoa mpira wa kufungia karatasi, akaibana pasipoti na jalada lake pamoja, akamrudishia kwa mikono miwili na kumtakia safari njema.

Fundi aliona yote. Hakuwa mtu wa kelele, lakini alinyoosha kidole.

"Yule je?"

Msimamizi akageuka, akatazama, akajikohoza. "Yule anarudi kwao, mama."

"Aliingiaje hapa na kitabu kile?"

"Labda kiliharibikia hapahapa."

"Na changu je? Kimeharibikia wapi?"

Wahenga walisema msafiri maskini ajapokuwa sultani. Walisema hivyo kabla ya pasipoti. Siku hizi yuko msafiri ambaye kitabu chake kikichanika anapewa mpira, na yuko ambaye chake kikishonwa vizuri anaitwa mdanganyifu. Anayesema hii ni kanuni tu, na kanuni haina macho, aje asimame kaunta ile.

Sanduku likashushwa kwenye mizani. Msimamizi akaanza kubonyeza kompyuta, na bado kwa upole uleule akasema, "Nakusaidia, mama. Nikiacha hivi mashine itaandika hukufika, na tiketi yote itakufa. Naweka umeghairi. Ukipata pasipoti nyingine mnaweza kuomba tarehe mpya. Weka sahihi hapa."

Kikaratasi kilitoka. Fundi alikisoma. Abiria ameghairi safari kwa hiari yake.

"Sikughairi."

"Ni lugha ya mashine tu."

"Andika nimezuiwa."

"Hakuna sehemu ya hivyo. Ziko mbili: hakufika, ameghairi."

"Lakini nimefika. Huyu hapa mimi!"

"Ndiyo maana nikaweka umeghairi."

Foleni nyuma ikaanza kuguna. Mtu akasema, "Mama, tupishe bwana, na sisi tuna safari zetu." Fundi akakirudisha kikaratasi juu ya kaunta bila sahihi. Msimamizi akakiangalia kikaratasi, akamwangalia yeye, akabonyeza kitufe. Sahihi au bila sahihi, mashine ilikubali.

Simu ya fundi ikaita. Alikuwa binti yake. Aliyekata tiketi ndiye anayetumiwa ujumbe, na mashine ile, ambayo haikuwa na sehemu ya kuandika ukweli, ilikuwa na haraka ya kutuma.

"Mama?" Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyelazwa. "Wameniletea ujumbe hapa. Wanasema umeghairi. Wanasema kwa hiari yako."

Fundi alikitazama kikaratasi kilichokuwa bado juu ya kaunta.

"Mama, kuna nini? Kuna kitu nimekukosea?"

Binti wa kaunta aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta kalamu. Fundi hakulia. Aliweka simu kwenye sauti ya juu, akanyoosha mkono juu ya kaunta mpaka simu ikawa mbele ya uso wa msimamizi.

"Mwambie."

"Mama, mimi siruhusiwi kuongea na..."

"Umeandika wewe. Kesho anapasuliwa, na hana mtu. Msomee mwanangu ulichoandika."

Msimamizi akarudi nyuma hatua moja. Simu ikabaki palepale, na sauti ya binti ikaendelea kuita mama, mama, upo?