Kwa Nini Kuku Wanamfuata Mzee Isdori

Kuku hawana dini, hilo Atusaye alikuwa na uhakika nalo. Sasa mbona kila baba mkwe wake akimaliza kula na kutoka kunyoosha miguu, kuku wote wa nyumba ile wanajipanga nyuma yake kama watumishi wa misa, jogoo mbele, vifaranga mkiani, mpaka kule nyuma ya choo?

Kumuuliza mwenyewe, hapana. Atusaye ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na kwao mke wa mtu hamkodolei macho baba mkwe, wala haongei naye ovyo. Kuolewa Ufipa hakukumfanya aiache mila stendi ya Mbeya. Chakula anaweka mezani, anapiga magoti mlangoni, macho chini, "Karibu chakula, baba," halafu anapotelea jikoni.

Mumewe, Calvin, alikuwa bandarini Kasanga akipakia mizigo. Mkalimani wao, mama mkwe, Mama Leonia, alikwenda Mwazye kumlea binti yake aliyejifungua. Siku anaondoka alimwonyesha mkwewe ndoo ya unga.

"Mwanangu, huu ndio mpaka nirudi Pasaka. Mahindi yaliyobaki ni mbegu, yasiguswe. Nikirudi nitafunua hii ndoo, nijue kama tumeoa au tumeokota."

Basi wakabaki wawili, na kilichoongea kati yao ni sahani.

Siku ya kwanza sahani ilirudi nyeupe. Kwao Atusaye, aliyeshiba huacha kibonge kidogo pembeni, ndiyo asante yake. Sahani nyeupe maana yake njaa bado ipo. Aibu ikamshika, akaongeza unga. Sahani nyeupe. Akaongeza tena. Nyeupe, utadhani paka kailamba! Ugali ukaota kilele, ukawa wa kupanda kwa fimbo. Na ndoo nayo inashuka, inashuka, mpaka kikombe cha kuchotea kikaanza kukwaruza.

"Mzee mkavu kama ubao," Atusaye akajisemea, "anaupeleka wapi?"

Mchana mmoja uvumilivu ukamwisha. Akabeba beseni la nguo, akajifanya anaanika, akanyata mpaka kona ya choo. Akachungulia.

Mzee Isdori akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake zito, na kwa baridi ya Sumbawanga koti halimshangazi mtu. Ila jogoo alikuwa na haraka. Akaruka, akaukamata mfuko kwa mdomo, akavuta. Pwaa! Bonge la ugali chini. Pwaa! La pili, na kichwa cha samaki, mgebuka wa ziwani, juu yake.

Mzee akageuka kumfukuza jogoo, akakutana uso kwa uso na mkwewe.

Mila ilimwambia Atusaye akimbie. Miguu ikagoma, inataka kujua.

"Baba!"

Mzee alichanganyikiwa mpaka akamwamkia. "Shikamoo."

"Marahaba... Hapana, jamani! Kumbe chakula changu hukipendi?"

"Nisikipende? Mwanangu, mimi nimeshiba tangu Jumatano ya Majivu! Kwaresima hii watu wanafunga, mimi natafuta mkanda mrefu zaidi."

"Sasa mbona unamaliza?"

"Sisi tulifundishwa, kumrudishia mpishi chakula ni kumtukana. Na wewe nikimaliza tu, kesho unaongeza! Nikasema basi, huyu binti anataka kuniua kwa heshima."

"Mimi nilijua una njaa!"

Atusaye akageuka akampa mgongo, mila isilalamike sana, akacheka mpaka beseni likamponyoka. Halafu akakumbuka.

"Baba, unga unaisha. Mama akifunua ile ndoo..."

Kicheko cha mzee kikakatika. "Umefika wapi?"

"Chini kabisa."

"Mungu wangu. Mwanangu, hapo hutaulizwa peke yako."

Kuanzia jioni ile ugali ukawa saizi ya ngumi mbili. Mzee akishiba anaacha kibonge, Atusaye anakiona, anajua. Kiporo kikibaki, asubuhi kinapashwa moto, kinanywewa chai. Kuku wakamwangalia mzee kwa macho ya watu waliodhulumiwa.

Mama Leonia alirudi Jumamosi Kuu. Hata mzigo hajatua, akafunua ndoo. Akazamisha mkono mpaka chini, akatoka na unga mkononi, kidogo, lakini wa ugali wa Pasaka upo. Akamtazama mkwewe, akatabasamu.

"Tumeoa."

Akatazama nje. Mzee anakatiza uani, mkono mfukoni mwa koti, kuku nyuma yake, foleni imenyooka.

"Na hawa je?"

"Sijui, mama," Atusaye akasema, macho chini. "Labda umuulize baba."

"Wako kwenye Njia ya Msalaba," mzee akajibu bila kusimama.

"Njia ya Msalaba iliisha jana," Mama Leonia akasema. "Geuza mfuko, Isdori."