Povu la Kutupa

Mama yangu aliuza samaki wa chumvi wa Kasenga kwa miaka thelathini, kwa hiyo nilipomwambia kwamba mume wangu anafuga samaki ndani ya maji ya chumvi, alicheka mpaka akashika ukuta. Kwake yeye chumvi hupakwa samaki aliyekwisha kufa. Akasema atakuja Jumapili kuona maiti.

Mumba, mume wangu, hakucheka. Tulikuwa na miaka kumi na mmoja ya ndoa na mama hakuwahi kumtamkia neno. Kwetu mkwe na mama wa mkewe huheshimiana kwa kukaa mbali: hawali pamoja, hawaketi chumba kimoja, na likiwapo la kusema hupitia kwangu. Mama ndiye wa kuufungua mlango huo siku atakayoridhika na mkwe wake, naye alimwona Mumba mtu wa maneno mengi. Samaki wale wakifa, angekuwa amepata ushahidi, na mimi ningebaki tarishi wa watu wawili ninaowapenda mpaka nizeeke.

Samaki wenyewe walikuwa wawili, rangi ya chungwa na mistari myeupe, pamoja na tumbawe moja hai. Mwaka ule wa 1975 injinia mmoja Mbelgiji alirudi kwao, akamwachia Mumba samaki hao, tangi la kioo, pampu ndogo ya hewa na chumvi ya bahari kiasi. Mashine ya povu aliondoka nayo. Alieleza kwamba uchafu wa samaki hushikana na mapovu ya hewa, ukapanda juu, na mashine hulikusanya povu hilo. Asiye na mashine abadilishe maji mara kwa mara.

Jirani yetu Liévin, mwalimu wa biolojia, akasema mashine si lazima hata kidogo. Samaki wawili tu, walishwe kidogo, maji yabadilishwe, basi. Alisema kweli, ila chumvi ile ilikuwa imebaki makopo mawili, na ya soko la Kamalondo haifai. Bahari tungeitoa wapi, hapa Lubumbashi? Mumba akasema ataiunda mashine mwenyewe, na kwamba kwa mambo ya povu hana mwalimu.

Hapo hakuwa anajisifu. Miaka kumi na minane amefanya kazi kiwandani kwenye mapipa ya kuelea. Mawe ya shaba husagwa yakawa unga, yakatiwa maji na dawa, upepo ukapulizwa kutoka chini, na shaba ikapanda juu na povu. Povu ndilo mali. Kinachobaki chini hutupwa.

Akatafuta bomba la plastiki, akaweka kipande cha mti laini cha kupitishia hewa itoke kwa mapovu madogo, na kikombe juu. Povu likapanda, zito, la kahawia, nasi tukafurahi kama watoto. Kisha kutoka kwenye kikombe akashusha mpira mwembamba, akaurudisha ndani ya tangi. Nilimuuliza mbona hivyo. Akanijibu kwa huruma kwamba mali haimwagwi. Nikarudi kushona, maana mimi ni fundi cherehani.

Kufika Jumamosi maji yalikuwa ya njano, tumbawe limejifunga, na samaki wanahema juu juu. Mumba hakuweza kula.

Jumapili mama alifika baada ya misa. Mumba akakimbilia uani, akasimama chini ya dirisha. Mama aliwatazama wale samaki muda mrefu, na nilishangaa kuona hacheki. Waliishi kweli ndani ya chumvi, na walikuwa wanateseka. Akaufuata ule mpira kwa kidole, kutoka kwenye kikombe mpaka majini.

“Albertine, ambia bwana yako, povu ya samaki tunatupaka. Hatuirudishake mu nyungu.” Yaani povu la samaki anayechemka huenguliwa likatupwa, halirudishwi chunguni.

Nje nikasikia mtu anajipiga kofi kwenye paji la uso. Mumba akaingia mbio, akamwona mama mkwe, akageuka mbio vilevile. Ikabidi niung'oe mpira mimi, yeye akinielekeza dirishani huku akijicheka mpaka anakohoa. Kile kikombe kilinuka vibaya. Tukamwaga, na kwa makopo yale mawili ya mwisho tukabadilisha sehemu ya maji.

Mama akadai safari imemchosha, akabaki. Jumatano samaki walikuwa wanafukuzana, tumbawe limefunguka, na kiti cha mama kimehamia mbele ya kioo.

Ndipo Liévin akaja na kusema kilichowaponya ni yale maji mapya; mashine haina kazi, itolewe. Mumba alikuwa amesimama mlangoni. Ni mtu mkweli. Akasema huenda ni hivyo, hakuna anayejua, na akaniomba nichomoe pampu. Nikanyoosha mkono.

“Mumba, acha,” mama akasema.

Hakusema “ambia bwana yako”. Liévin hakuelewa kwa nini nimeanza kulia.

“Munyu imekwisha, na ile kintu iko inatumika muzuri. Uliifanya na mikono yako.” Ni kweli, chumvi ya kubadilishia maji ilikuwa imekwisha. Mama akavuta kiti cha pili karibu na chake. “Kuya, ikala. Bukari iko inapola.”

Liévin akaaga. Mumba akaingia kama alivyoitwa, akaketi ukingoni mwa kile kiti kabla ugali haujapoa. Nilikuwa nimeandaa sahani mbili, ya mama na ya Mumba ya kupelekwa uani. Mama akaimimina moja ndani ya nyingine, akaiweka katikati, na tukala watatu.