Bwana Dakika Hakuja na Saa

Tangu Bwana Dakika aingie chumba chetu cha pasi na ile saa yake ya kubonyeza, ya kutupimia kasi, mashati yalipata uzito wa magunia. Hatukufanya kikao, tulielewana kwa macho tu. Akibonyeza, kola moja tunaibembeleza kama ya bwana harusi.

Tajiri alishatangaza: vipimo vikitoka, wazito wafunge virago. Na shangazi yangu, aliyesimama meza ya pili kutoka yangu, bega la kulia lilikuwa limemgomea. Tukienda polepole sote, nani atamwona?

Siku hiyo Bwana Dakika alikuja mikono mitupu, meno yote nje.

"Leo sina saa, dada zangu. Rundo likiisha, nendeni nyumbani. Siku nzima mnalipwa."

Vigelegele! Pasi zikaanza kukimbizana.

"We, umelala?" jirani yangu akanizomea. "Au nyumbani kwako kuna nyoka?"

"Huyu mtu hatoi kitu bure."

"Tuondolee nuksi hapa!"

Nikamtazama Bwana Dakika vizuri. Kila shati lilipotundikwa, macho yake yalipanda ukutani, kwenye saa kubwa tuliyoizoea hadi tukaisahau. Kisha yakashuka kwenye fimbo za kutundikia, kila mtu na yake. Ya shangazi ilikuwa karibu tupu.

Kumbe bado anatupima! Nikapiga pasi kama mwenye mashetani, na kila macho yake yalipopanda ukutani, shati langu moja likahamia kwa shangazi.

"Unafanya nini wewe?" akanong'ona, jasho likimchuruzika.

"Nyamaza, shangazi. Piga pasi."

"Utaniponza, mwanangu."

"Utanigombeza nyumbani."

Rundo likaisha. Wenzetu walikuwa mlangoni wakivaa viatu na kutaniana. Bwana Dakika akapita akikagua fimbo. Yangu aliitazama akaguna. Kwa shangazi akasimama, uso ukachanua.

"Kumbe hazina imejificha hapa! Mama, kuanzia kesho mwendo wako ndio kipimo cha chumba kizima. Utasimama mbele, nami nitakuja na saa. Wenzako wakuige."

Kicheko cha mlangoni kikakatika. Wote waligeuka wakamkodolea shangazi macho kama mtu aliyewauza. Yeye alikuwa akinitazama mimi, mkono wa kushoto umeshika bega.

"Haya, mwerevu wangu," akasema taratibu. "Mashati umenipa. Na bega la kesho?"