Chesisi Mpya na Watu Watatu wa Bampa

Mshonaji wa nyumba ya pili anadai kwamba Jumanne alasiri, akiwa anatunga uzi kwenye cherehani, aliona gari dogo la kijani likipanda ukuta wa nyumba yake kwa nje. Likafika usawa wa dirisha, likasimama. Mbele, juu ya bampa, walikuwa wamesimama wanaume watatu, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Wakamwamkia. Akaitikia. Wa katikati akamwomba radhi kwa vumbi, kisha gari likaendelea na safari yake mpaka kwenye bati.

Wanaomjua mshonaji huyo hupokea habari zake kwa kuzipunguza nusu. Safari hii ilibidi waongeze. Haikuwa Jumanne, ilikuwa Jumatano, na gari halikuishia kwenye bati. Lilivuka paa zima, likashuka upande wa pili, likarudi nyumbani kwa kupitia ukuta wa choo. Mengine yote ni kweli.

Gari lilikuwa la baba yake Bisibisi. Jina la Bisibisi binti huyo hakupewa na wazazi, alilipata mezani pake barazani, alipokuwa akitengeneza pasi na redio za watu. Baba yake mtaa mzima ulimwita Dereva, ingawa ulikuwa mwaka wa tatu tangu anyang'anywe leseni.

Lilikuwa gari la rimoti, la aina inayotengenezwa kwa kupanda mawe: matairi manene laini, ekseli mbili ngumu, mwendo wa kinyonga. Mjomba, muuza mitumba, ndiye aliyelileta. Bodi ilikuwa nzima, lakini chini chesisi ya plastiki, fremu inayobeba kila kitu, ilikuwa imekatika vipande viwili. Dereva alilipindua mapajani, akapapasa pale lilipokatika, nyuma kidogo ya giaboksi.

"Palepale," alisema.

Bisibisi hakuuliza palepale wapi. Tipa la machimboni alilokuwa akiendesha baba yake lilikatikia hapo. Kwa mwaka mzima kabla ya siku hiyo Dereva alikuwa akiomba chesisi nyingine, na kwa mwaka mzima msimamizi alikuwa akimjibu kwamba ya kiwanda haipatikani, na ya kampuni nyingine haitakaa. Chesisi ikazidi kulegea. Tipa likijaa mawe lilikaa kitako, na kwenye mlima likainua pua mpaka usukani ukawa mwepesi kama wa baiskeli. Msimamizi akapata dawa. Aliwaita wapakiaji watatu, akawaambia, "Pandeni bampa, mlikandamize." Walilikandamiza miezi minne. Siku chesisi ilipokatika, pua ilianguka ikawalalia, wakafa wote watatu. Karatasi ya kampuni iliandika kwamba dereva aliwapandisha watu mbele kwa hiari yake mwenyewe, na msimamizi akatia sahihi.

"Mjomba wako anaweza kuagiza chesisi ya hili?" Dereva aliuliza.

"Ya kiwanda chake hawatengenezi tena, baba. Ipo ya kampuni nyingine, ya alumini."

"Hata iwe ya kampuni ya kuzimu. Mradi nzima."

Ilikuja baada ya wiki tano, imefungwa kwenye gazeti: mabamba mawili membamba ya alumini, vipande vya kuyaunganisha, na kimfuko cha skrubu. Mikono ya Dereva ilikuwa ikitetemeka tangu ajali, kwa hiyo yeye alikuwa macho na Bisibisi mikono. Binti alichora umbo la gari kwenye boksi la viatu. Kila skrubu aliyoitoa aliichomeka kwenye mchoro, mahali pake ilipotoka, isije ndefu ikaingia pa fupi na kutoboa giaboksi. Akahamisha mota, akahamisha mikono ya ekseli, akafunga shokapu nne. Matundu ya chesisi mpya yalipishana na ya giaboksi kwa unene wa kucha. Alichukua tupa, akayapanua taratibu, siku mbili, huku Dereva akimwambia, "Usiilazimishe, mama. Chuma kikilazimishwa kinaweka kinyongo."

Ilibaki betri. Kijikaratasi cha maelekezo kilikuwa cha lugha wasiyoijua, lakini picha ilionyesha betri mbele kabisa, juu ya ekseli. Dereva alicheka mpaka akakohoa.

"Aliyechora hapa hajawahi kubeba hata kokoto. Mzigo hukaa nyuma."

Bisibisi aliona kosa. Gari la kupanda mawe hutaka uzito mbele, vinginevyo hupinduka chali. Lakini alikuwa hajamsikia baba yake akicheka kwa miaka mitatu. Akaifunga betri nyuma.

Walilijaribu uani, kwenye matofali yaliyopangwa kama ngazi. Dereva alishika rimoti, na mikono yake ikatulia. Tofali la kwanza, la pili. Kwenye la tatu gari likainua pua, likasimama kwa magurudumu ya nyuma, likaanza kwenda chali. Halikufika. Pua ilishuka polepole, matairi yakagusa tofali, na juu ya bampa walikuwa wamesimama wapakiaji watatu, wameshikana mabega, kofia za kazi kichwani.

"Shikamoo, Dereva," alisema Mrefu. Mrefu ndiye aliyekuwa mfupi kuliko wote, hata sasa.

"Marahaba. Mmekawia."

"Tulikuwa tunatafuta gari lenye chesisi."

Mwenzake, Kifuniko, aliinama akaikagua alumini kwa kiganja. Akasema ni kazi safi, nani kafunga. Dereva akaonyesha kwa kidevu. Wa tatu, waliyemwita Bwana Harusi kwa sababu alikufa akiwa amebakiza wiki mbili aoe, aliuliza habari za mchumba wake.

"Ameolewa," Bisibisi alisema. "Ana mtoto wa kike."

"Vizuri," alisema Bwana Harusi. Akaiweka kofia yake sawa.

Bisibisi aliwawekea chai kwenye kizibo cha chupa. "Shukeni basi, kaka zangu, mnywe."

"Ahsante, dada. Hatushuki," Mrefu alisema. "Msimamizi ndiye aliyetupandisha, na msimamizi ndiye wa kutushusha. Ndiyo sheria ya kazi. Miguu imekufa ganzi, lakini sheria ni sheria."

"Akisema 'shukeni'," Bisibisi alisema polepole, "atakuwa amekiri kwamba yeye ndiye aliyesema 'pandeni'."

Dereva alikuwa ameshaanza kuchomeka betri kwenye chaji.

Jumatano wakafanya mazoezi kwenye nyumba ya mshonaji, ambayo ndiyo ndefu mtaani. Alhamisi asubuhi wakaenda machimboni.

Ofisi ya msimamizi ilikuwa juu, kwenye ukingo, na chini yake ukuta wa jiwe ulishuka wima, urefu wa minazi minne. Mlinzi hakuruhusu Dereva apande njia ya malori. Jina la Dereva lilikuwa limeandikwa kibandani, kwenye orodha ya waliokatazwa. Kwa hiyo yeye akabaki chini na rimoti, na Bisibisi, ambaye hakuandikwa popote, akapanda kwa miguu kwenda kulipokea gari.

Alipofika ukingoni akachungulia. Gari lilikuwa limeshafika theluthi ya ukuta. Lilipanda kama linavyopanda jua, yaani ukilitazama haliendi, ukigeuka ukitazama tena limefika pengine. Tairi lilipapasa, likapata ufa, likaukumbatia. Ekseli ikajipinda upande mmoja, lakini chesisi ikatulia katikati kama sinia la maji kichwani. Kila pua ilipoinuka, wale watatu walikunja magoti kwa pamoja, bila kuambizana, na jiwe likawakubali.

Mpasua mawe wa kwanza aliyewaona alilaza nyundo yake chini. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Mashine za kusaga kokoto zikazimwa, na kwa mara ya kwanza tangu machimbo yafunguliwe ndege walisikika humo. Watu wazima wenye vumbi hadi kwenye kope walivua kofia wakasimama wima. Mama mmoja wa kuponda kokoto alisema, "Yule wa kushoto ni Kifuniko, alikuwa akinibebea ndoo," na wenzake wakasogea ili naye aone vizuri. Hakuna aliyenyoosha kidole. Na chini kabisa, kwenye vumbi jeupe, Dereva alionekana toka juu akiwa na urefu wa kidole gumba, rimoti kifuani, haitetemeki.

Kimya kilimtoa msimamizi ofisini. Alikuja mpaka ukingoni, kalamu sikioni, akasimama kando ya Bisibisi. Hakumwuliza wewe nani. Naye alitazama, na uso wake ukalegea, ukawa uso wa mtu aliyewahi kuwa mtoto. Gari lilipofika kwenye mdomo wa mwisho, pale jiwe linapojitokeza nje kama paji la uso, alibana pumzi pamoja na machimbo yote.

"Wanaweza," alinong'ona. "Taratibu, taratibu. Kandamizeni."

Wakakandamiza. Gari likavuka ukingo, likatembea hatua chache juu ya ardhi tambarare, likasimama mbele ya kiatu chake.

Mrefu alivua kofia. "Bosi, tumefika. Tunaomba tushuke."

Msimamizi aliwatazama mmoja mmoja. Alimtazama Bisibisi, akachungulia kule chini aliko Dereva, akawatazama watu wote waliosimama kofia mkononi wakisubiri. Midomo yake ilifunguka. Akatoa kalamu sikioni, akaitazama pande zote mbili, akairudisha.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza, hakumuuliza mtu. Kisha akageuka kuelekea kwenye mashine, akapunga mkono ziwashwe.

Zikawashwa. Mpasua mawe wa kwanza akaokota nyundo yake. Bisibisi alichuchumaa kando ya gari, akaweka kiganja nyuma ya chesisi lisirudi nyuma, na kwa kuwa kelele zilikuwa zimezidi, Mrefu alipaza sauti kidogo, kwa adabu ileile, kuuelekea mgongo uliokuwa ukienda zake.

"Bosi. Tunaomba tushuke."