Kijiti cha Ndiva ya Mhezi

Mwaka ule wa kupunguza wafanyakazi, Erasmo, mlinzi wa ndiva ya Mhezi, alipewa barua asubuhi, akarudisha jembe na koti la mvua, akashuka mjini Same kuuza mitumba. Ndiva, lile bwawa la kumwagilia, ikaachiwa ijiendeshe yenyewe. Kamati ya maji ya kijiji iliipa masharti mawili: mashamba yasikauke, tuta lisibomoke. Kulipokucha ilikuwa imeshajitungia sheria na kuiandika kwenye tope la ukingoni, kwa mwandiko safi: kijiti kikikauka, fungua, kikilowa, funga. Mwenyekiti Eliezeri aliisoma mara mbili, akasema haina kosa.

Kijiti kilikuwa kimoja tu, kimechomekwa shambani kwa Eliezeri, juu kabisa ya mfereji. Zaidi ya hapo ndiva haikuona kitu. Erasmo alikuwa akitembea peku hadi shamba la mwisho, la mjane Rogathe, akikanyaga udongo ndipo ajue. Ndiva haikuwa na miguu.

Maharage ya Rogathe yakaanza kujikunja, na hakuwa na chakula kingine cha mwaka ule.

"Shikamoo, mwenyekiti. Naomba na kwangu kichomekwe kijiti."

"Marahaba, mama. Sheria imetungwa kwa kijiti kimoja. Tukiongeza cha pili itabidi itungwe upya, na hii tumeshaipitisha."

Basi Rogathe akajaza beseni udongo wa shamba lake, akapanda nao hadi kwa Eliezeri, akaumwaga kuzunguka kijiti ili ndiva ione ukavu wake. Ndiva ikauona, ikafungua mdomo. Maji yakalipita shamba la Eliezeri kwa hatua chache, kijiti kikalowa, ndiva ikafunga. Kesho yake alibeba mabeseni mawili, maji yakasogea hatua tatu zaidi. Akapata moyo, na moyo huo ndio uliomponza.

Alibeba kwa wiki saba. Mwenyekiti, mtu wa haki huyo, akamhesabia kuwa ametimiza msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, ya mwaka mzima. Siku maji yalipofika mpakani kwake yalikuta mwamba mtupu, yakateleza juu yake hadi korongoni.

Kule juu, maharage yaliyobebwa pamoja na udongo yalikuwa yametoa maua. Rogathe akapanda kuyaangalia. Alimkuta Eliezeri akipalilia.

"Unaona, mama? Sasa shamba lako linaonekana."

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Sogea kidogo basi, usije ukakikanyaga kijiti."

Rogathe akasogea. Ndiva ikafungua.