Mtafiti Aliyelikalia Kaburi

Kila aliyepanda mlimani na yule mtafiti wa mambo ya kale alipewa onyo kabla hata hajatua mkoba: marundo yale ya mawe ni makaburi ya watu walioishi kabla chuma hakijajulikana. Hayapandwi, hayaguswi, hayakaliwi.

Siku aliyompeleka mama mkwe wake, onyo lilitolewa kwa madoido zaidi. Alitaka mama aone kwamba bintiye hakuolewa na mzururaji. Akasimama mbele ya rundo kubwa kuliko yote, koti likipepea, akieleza huku akirudi kinyumenyume.

"Baba, angalia nyuma," mama mkwe akasema.

"Mama, hapa mimi napita hata nikifumba macho."

Kisigino kikagonga jiwe. Akakaa kitako juu ya kaburi, mawe yakaporomoka, naye akazama hadi kiunoni, magoti kidevuni, kofia imemfunika pua.

Mama mkwe alijikaza. Aliziba mdomo kwa mtandio, akatazama pembeni, akakohoa. Kicheko kikamshinda, akaketi majanini akijishika mbavu. Mtafiti alitafuta namna ya kuonekana mtu wa heshima akiwa amekwama vile, akaikosa. Naye akacheka.

Alipogeuza shingo kuvua kofia, kicheko kikamkauka. Kando yake, chini ya jiwe bapa lililosogea, alilala mtu kiubavu, mifupa mitupu, magoti yamekunjwa. Kifuani mwake palikuwa na mifupa midogo ya mtoto.

"Kuna nini?"

"Kuna mtu, Mama. Amemkumbatia mtoto."

Mama mkwe akasogea, akapiga magoti, akachungulia kwa muda mrefu.

"Usitikisike," akasema. Akaanza kuondoa mawe moja moja, akiyalaza chini kama mayai. Kisha akawageukia waliolala: "Mtusamehe. Huyu ni mkwe wangu. Hana ubaya, ni maneno mengi tu."

Ofisini, mkuu wa makumbusho alisisimka kusikia habari za kaburi la watu wawili. "Umeligunduaje?"

Njia nzima mtafiti alikuwa ameandaa jibu lenye uchunguzi wa kina na miaka ya uzoefu. Mdomo ukamsaliti.

"Nililikalia, Mkuu."

Wenzake walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Kaburi lilichorwa, likapigwa picha, na wawili wale wakaachwa palepale walipolazwa. Siku ya kulifunika, mtafiti alimwomba mama mkwe aje kupanga mawe. Yeye mwenyewe alisimama mbali, mikono mifukoni, kimya.