Kamba ya Muhsini

Komeo la mlango wa nyuma lilikwaruza mara moja, taratibu, kama linavyokwaruza likivutwa na mtu asiyetaka kuamsha wenzake. Kulikuwa bado giza. Lidwina, ambaye hakuwa amelala, alisikiliza hatua za mwanawe zikivuka uani hadi mahali alipokuwa akiegesha gari lake. Gari lenyewe halikuwapo. Lilikuwa gereji wiki ya pili hiyo, limefunguliwa tumbo.

Bibi huyo alijitanda kitenge, akachukua sweta la marehemu mumewe msumarini, akatoka nalo. Fulgence alikuwa amesimama na fulana tu, mikono kifuani, akitazama alama za matairi kwenye udongo.

"Vaa, baba. Baridi hii ya Songea umeshaisahau."

Alilivaa bila kubisha. Lidwina alifurahi kwa hilo. Siku hizi furaha zake na mtoto huyu zilikuwa ndogondogo namna hiyo.

"Leo anakuja," Fulgence alisema.

"Nani?"

"Yule Myao wako."

"Ana jina."

"Muhsini, basi. Anakuja na hela. Na akifika, mama, nakuomba sana, niachie mimi niongee. Wewe mpe chai, utulie."

Lidwina alirudi jikoni kuwasha moto, na mikono ilikuwa mizito kama ya mtu anayeandaa msiba.

Lile gari Fulgence alilinunua Dar es Salaam kwa mkopo wa benki. Lilikuwa jeusi, refu, la kifahari, na viti vyake vya ngozi vilipashwa joto kwa kubonyeza kitufe. Alipoingia nalo mtaani kwao Msamala mwezi wa kumi na moja, majirani walikuja mmojammoja kulishika mlango. Yeye hakuwakataza. Tena siku ya tatu alisema, "Mama, twende Mbesa ukamwone mama mkubwa Getruda," kwa sababu dada yake Lidwina alikuwa mgonjwa kule Tunduru na hawakuwa wameonana miaka minne. Njia nzima alisimama kila mama alipotaka kunyoosha mguu wake mbovu. Alimwekea mto chini ya goti. Lidwina hawezi kusema mwanawe ni mtu mbaya. Angeweza kusema hivyo, mambo yangekuwa mepesi.

Walimwona Getruda, wakalia, wakacheka, wakaanza safari ya kurudi. Walipopita Matemanga gari likabadilika. Injini ilinguruma kwa nguvu lakini mwendo haukuja. Taa ikawaka kwenye dashibodi, kisha gari likajikokota hadi pembeni, mbele ya shamba la mikorosho, likagoma.

Hawakukaa dakika kumi. Mwanamume wa miaka arobaini hivi alitoka shambani, suruali imekunjwa, mkononi kikapu cha korosho. Huyo ndiye Muhsini. Nyuma yake alikuja mkewe, Aisha.

"Shikamoo, mama. Poleni. Jua hili si la kukaa humo ndani."

Aisha alimshika Lidwina mkono, akampeleka barazani kwake, akamtandikia mkeka. Alimletea maji ya kunywa, kisha akaleta wali na kisamvu, na alipoona bibi anashindwa kukunja mguu, alikimbia kuazima kiti kwa jirani. Walikula wote. Fulgence alikula mara mbili.

Muhsini alilala chini ya gari, akatoka na vidole vinang'aa kwa oili. "Bosi, huku kunavuja. Lakini gari lako hili mimi silijui. Mpigie fundi wako."

Fulgence aliingia garini, akafunga mlango, akampigia Hironimus, fundi wa gereji moja mjini Songea. Mama yake alikuwa ameshasindikizwa na Aisha hadi garini kuchukua dawa zake za presha, ameketi kiti cha nyuma, na Aisha amerudi barazani. Gari lile lilikuwa na tabia yake: simu ikipigwa, sauti hutokea kwenye spika zote kama redio. Kwa hiyo Lidwina alisikia kila neno.

"Usilivute, kaka," sauti ya fundi ilisema. "Hilo ni otomatiki. Pampu ya oili ya giaboksi inafanya kazi injini ikiwaka tu. Magurudumu yakizunguka huku limezimwa, yanasaga chuma kwa chuma. Liache hapohapo. Kesho asubuhi nakuja mwenyewe na oili, nadhani ni bomba tu limelegea."

"Sawa," Fulgence alisema, akakata.

Akatoka nje. Muhsini alikuwa amesimama pale na kamba nene begani, ile anayofungia magunia kwenye lori lake. Huko kwao gari likifa huvutwa. Amevuta malori, amevuta pikapu za chama cha ushirika, aliwahi hata kuvuta gari la harusi na bibi harusi ndani. Hajawahi kusikia gari linaloumia kwa kuvutwa.

"Fundi anasemaje, bosi? Kama ni la kulala, lilale. Mimi nitatandika ndani ya lori, nilale nalo hapa mpaka asubuhi."

Fulgence alimgeukia mama yake, akainama dirishani. "Nikiliacha hapa, kesho nitakuta bodi tupu, watu hawa wameiba kila kitu," alinong'ona. Kisha akasema kwa sauti, "Fundi anasema tuvute."

Lidwina alifumbua mdomo. Aliufunga. Alijiambia mtoto amesoma, mtoto analijua gari lake, na mama mzima hamwumbui mwanawe mbele ya wageni. Alijiambia mengi.

Walivuta kilomita karibu mia mbili. Muhsini alimpakia Lidwina mbele kwenye lori, akakunja gunia akaliweka juu ya springi iliyochomoza kitini, na Aisha akavua khanga yake ya juu akampa ajifunike. Nyuma yao Fulgence aliketi kwenye usukani wa gari lililozimwa.

"Mama," Muhsini alisema walipokuwa wanakaribia Namtumbo, "babu zenu Wangoni walikuja kwetu zamani wakatufunga kamba wakatuswaga. Leo Myao anamswaga Mngoni kwa kamba. Na anakuja mwenyewe, hata kupiga kelele hapigi!"

Lidwina alicheka hadi akashika mbavu. "Wewe mtani, shukuru hajakusikia. Angekukalisha chini akufundishe historia."

Muhsini hakutaka malipo. Alipokea hela ya dizeli tu, nayo alirudisha elfu kumi akasema imezidi.

Siku ya pili yake Hironimus alifungua giaboksi. Lidwina alikuwepo, alikuwa amewapelekea mihogo ya kuchemsha. Oili ilitoka nyeusi, imeungua, na ndani yake mlikuwa na vumbi la chuma linalometameta.

"Bomba lilikuwa limelegea," fundi alisema, akilishika. "Hili hapa. Ningelikaza na kuongeza lita nne. Sasa giaboksi imekwisha. Nyingine iliyotumika, kutoka Dar, ni milioni kumi na sita. Mpya usiniulize." Akafuta mikono polepole. "Kaka, mimi nilisema."

"Mtandao ulikuwa unakata," Fulgence alijibu. "Sikusikia vizuri."

Hironimus alimtazama Lidwina, akaona uso wake, akainamia vyuma vyake asiulize zaidi. Lidwina alimshukuru moyoni kwa kuinama huko, na papo hapo akajichukia kwa kushukuru.

Jioni hiyo Fulgence alimpigia Muhsini, simu ikiwa kwenye spika. Aliongea kwa ukali, akataja sheria, akataja wakili. Alimwambia ameua gari la watu kwa ujinga wake. Lidwina alitegemea kusikia ubishi upande wa pili. Hakusikia. Muhsini alisema tu, "Kama mkono wangu ndio umeharibu, bosi, nitakuja."

Na asubuhi ile ya sweta, saa tatu, alikuja.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Aisha hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi. Anakusalimu." Hakutania. Aliketi ncha ya kiti, kofia mkononi, na amekonda. Alitoa bahasha kutoka ndani ya shati, akaiweka mezani kwa mikono miwili. "Hii ni hela yangu ya mnada wa kwanza wa korosho, bosi. Milioni mbili na laki nane. Tulitaka kuezekea nyumba nayo. Iliyobaki nitaleta msimu kwa msimu."

Fulgence alivuta karatasi aliyoandika usiku. "Utasaini hapa kwamba unadaiwa iliyobaki, na kwamba lori lako ndilo dhamana. Si kwamba nina roho mbaya, Muhsini. Benki nayo inanidai. Mimi mwenyewe maji yako shingoni."

"Naelewa, bosi." Muhsini alichukua kalamu. Alikuwa akitafuta kwa kidole mahali pa kusaini.

Lidwina aliweka birika chini.

"Usisaini."

"Mama," Fulgence alisema.

"Usisaini, Muhsini. Fundi alikataza gari lisivutwe. Nilisikia kwa masikio yangu, spika zote ziliongea. Alisema liachwe palepale, atakuja asubuhi. Mwanangu alisikia kama nilivyosikia mimi."

Muhsini alishusha kalamu. Alimtazama Fulgence kwa muda mrefu, na Fulgence alitazama karatasi.

"Kwa hiyo ulijua, bosi?"

Fulgence aliivuta karatasi kwake.

"Nilikwambia nitalala nalo. Ulikuwa umekula kwangu. Uliogopa nini?"

Lidwina alilijua jibu, na alimwona Muhsini akilifikia mwenyewe. Uso wake ulijifunga taratibu. Bibi alikuwa ameandaa moyo kwa hasira, lakini alichokiona ni mtu anayeanza kujutia wali aliowapa.

Lidwina alichukua bahasha, akamrudishia. "Nami nisamehe. Nilikaa kimya pale barabarani, nikakaa kimya gereji, nimekaa kimya wiki mbili wewe hulali."

Muhsini aliirudisha bahasha ndani ya shati, akafunga vifungo kimojakimoja.

"Kunywa hata chai, mwanangu."

"Si kwa ubaya, mama. Chai leo haitapita." Akasimama. Mlangoni aligeuka. "Jana kuna gari lilikwama karibu na kwangu. Watu wa Masasi, wana mtoto mdogo. Waliniomba kamba. Niliwaambia sina."

Akaenda. Lidwina alimsindikiza hadi barabarani, na kwa heshima Muhsini alipunguza mwendo ili bibi na mguu wake mbovu asibaki nyuma. Hata siku hiyo.

Aliporudi, Fulgence alikuwa anakusanya nguo zake.

"Wewe ni mama wa nani?" alimuuliza bila kugeuka. "Nimeuliza tu. Milioni kumi na sita nazitoa wapi? Gari lipo kwa Hironimus halisogei, mkopo miaka mitatu bado, na wewe unamrudishia mtu hela iliyokuwa mezani."

"Haikuwa yako, baba."

"Haikuwa yangu. Sawa. Umeniumbua mbele ya mtu wa porini, mama. Nilikupeleka kwa dada yako. Gari lile lilikufa nikikurudisha wewe."

Hilo lilimwingia Lidwina mahali ambapo hakuwa na kinga. Aliketi kitandani kwa mwanawe. Alitaka kumwambia kwamba safari ile ya Mbesa hataisahau hadi kufa, kwamba anaukumbuka ule mto chini ya goti. Lakini maneno mazuri kwa wakati ule yangesikika kama anayafuta yale ya kweli aliyokwisha kuyasema. Akamkunjia mashati mawili, akayaweka juu ya begi. Fulgence aliyatoa, akayakunja upya.

Aliondoka bila kuaga, kwa basi la saa sita la kwenda Njombe, aunganishe huko kwenda Dar. Lidwina alilikuta lile sweta la marehemu limerudishwa msumarini. Alisita kidogo tu, kisha akaliacha palepale, akatoka barabarani, akasimamisha bodaboda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

"Bibi, utaweza kukaa?" dereva aliuliza.

"Nitakushika nisianguke, wewe kimbia."

Kijana akamfunga vizuri kitenge kisije kikaingia kwenye tairi, akaendesha kwa uangalifu, na stendi akakataa nauli.

Basi lilikuwa limeshawasha injini. Alimwona mwanawe dirishani, kiti cha tatu, amevaa miwani myeusi. Alitembea kandokando ya basi, akagonga bodi kwa kiganja. Fulgence alimwona. Hakufungua kioo, lakini hakugeuza uso pia.

"Baba!" Lidwina aliita, na watu wakageuka kutazama. "Uje tena kunitembelea. Uje na basi, uje kwa miguu, uje hata umekasirika. Uje tena."